Matembele yamejikunja, kuku wanahema: nianze na lipi?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mwaka jana tulihamia Mkuranga kutoka Dar. Nyuma ya nyumba nina matuta 4, mawili ya matembele na mawili ya mchicha, migomba 6 na kuku 14 wa kienyeji. Tangu Januari ianze jua halina huruma. Namwagilia kila siku saa saba mchana, ndipo ninapopata nafasi, lakini mchicha umetoa maua hata magotini haujafika, na matembele yamejikunja. Kisimani nachota maji yenye tope. Kuku wanashinda midomo wazi. Mume wangu anasema tuache yote mpaka masika. Nianze na lipi?
Msomaji, Mkuranga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wengi huniandikia mambo ya ndoa, basi barua ya matembele imenifurahisha kweli. Mumeo mwambie nusu ya kazi za masika hufanywa sasa, kaskazi ikivuma.

Hiyo ndoo ya saa saba iache. Mchanga wa kwenu naujua, ndugu yake ni huu wetu wa Bagamoyo: jua likiwa utosini, maji mengi hupotea kabla mzizi haujayaonja. Amka mwagilia alfajiri. Na kisima kikiwa hivyo, afadhali matuta 2 yashibe leo na 2 kesho kuliko yote manne kulambishwa kila siku.

Ila maji siyo ya kwanza. Cha kwanza ni kuusitiri udongo. Nenda kwa wanaofua nazi hapo jirani, uombe makumbi. Wengi wanayachoma tu. Chimba mtaro katikati ya tuta, mkono uzame hadi kiwiko. Yapange makumbi yakitazama juu kama bakuli, safu mbili, uyamwagie mpaka yalowe kabisa. Rudishia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, halafu panda vipande vipya vya marando. Mwaka juzi nilifukua tuta langu wiki nzima baada ya kumwagilia, nikalikamua kumbi moja kwa mkono, likanitiririshia maji kwenye kanga. Tangu siku hiyo makumbi yangu hayaoni moto.

Juu tandaza nyasi kavu au majani ya mwembe. Usiyasogeze mpaka kwenye shina, acha nafasi ya kiganja, maana mchwa wa pwani hawahitaji kualikwa mara mbili.

Mchicha uliotoa maua usihangaike nao. Ni kiu na joto. Ukishaanza maua hauwi tena mboga laini. Acha mashina 2 yaliyo bora kwa mbegu, mengine wape kuku. Sia mwingine, kidogo tu, chini ya chanja la makuti. Migomba itosheke na maji ya kuogea na kuoshea vyombo, isipokuwa yale uliyotia dawa ya kung'arishia nguo.

Sasa kuku. Kuhema midomo wazi na kuachia mabawa mchana wa jua ni joto. Wawekee maji kwenye chungu cha udongo kivulini, uyabadilishe saa sita, na chakula wape asubuhi mapema na jioni. Lakini ukiona anayehema hata usiku wa baridi, kinyesi cha kijani, au shingo imepinda, hilo ni jambo jingine: mdondo. Hapo usichinje ukagawia jirani, wala usipeleke mnadani. Mtenge, umwite mtaalamu wa mifugo wa kata.

Nakuambia haya kwa uchungu. Nilipuuza chanjo, nikaikimbilia kuku wawili wakiwa tayari wamezubaa. Wiki haikuisha, nikazika 19. Chanjo haimtibu mgonjwa, inamkinga mzima. Ile ya matone ni tone 1 jichoni kwa kila kuku, jogoo na kifaranga sawasawa, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Fanya usiku wakiwa wamelala bandani. Mmoja anamulika, mwingine anadondosha. Mchana utakimbizana nao mpaka kwa mjumbe.

Kama mnataka kuongeza migomba, mashimo yachimbwe sasa, sentimeta 60 kila upande, udongo wa juu uwekwe peke yake, kisha uchanganywe na debe la samadi.

Na bati lenu, je, lina mfereji? Piga hesabu nami. Paa la meta 6 kwa 8 ni meta za mraba 48. Mvua moja ya milimita 25 ikianguka hapo ni lita 1,200. Hata ukitoa ya kuosha vumbi na yanayomwagika pembeni, tangi la lita 1,000 linakaribia kujaa kwa siku moja. Masika huanza Machi, na mvua ya kwanza haitoi taarifa. Kwa hiyo majani ya mwembe yatolewe kwenye mfereji, tundu la tangi lifungwe wavu wa mbu, na viungio vinavyovuja vizibwe kabla Februari haijaisha.

Ngazi apande yeye anayesema tusubiri masika. Wewe ishikilie tu.