Kitumaji cha akiba kilichonifundisha adabu

Msimu wa korosho ulipofunguliwa, chama kimoja cha msingi hapa Mtwara kilianza kutumia programu niliyoiandika. Karani anapima, anaingiza kilo na daraja, kisha mkulima anapata ujumbe kwenye simu yake. Siku tatu zikapita bila mkulima hata mmoja kupata ujumbe, na programu haikulalamika.

Mzee mmoja aliyeleta magunia manne alirudi kuniuliza, "Mwanangu, korosho zangu zimeandikwa kweli?" Nilimwonyesha kilo zake kwenye kompyuta, akaridhika. Mimi sikuridhika. Katika stakabadhi ghalani mkulima huacha mzigo wake na kwenda nyumbani kusubiri mnada. Neno la kumthibitishia ni kitu kikubwa.

Kosa lilikuwa langu. Natumia Guice, maktaba ya Java inayoipa kila sehemu ya programu vitu inavyovihitaji, na kwa OptionalBinder, zana yake ya vitu vya hiari, nilikuwa nimeweka kwa setDefault, yaani kama cha akiba, kitumaji cha majaribio, kinachoandika ujumbe kwenye faili la logi tu, ili nisimalize salio nikiwa najaribu nyumbani. Kitumaji halisi kilipaswa kuchukua nafasi yake kwa setBinding kutoka moduli nyingine, yaani klasi nyingine ya maelekezo kwa Guice. Kwenye kompyuta ya ghalani moduli hiyo ilisahaulika, basi Guice ikachukua cha akiba, kama nilivyoiagiza.

Tangu hapo, kabla ya kufungamanisha chochote, yaani kuiambia Guice itumie nini wapi, najiuliza: kisipokuwepo, nani ataumia?

Printa, kwa mfano. Tawi dogo halina printa na kazi inaendelea, kwa hiyo hapo naomba Optional, kisanduku kinachoweza kuwa tupu, na klasi inayoitumia inalazimika kuangalia kama imo au haimo. Dagger, maktaba nyingine ya kazi kama ya Guice, wana @BindsOptionalOf kwa hali hiyohiyo. Saa ya mashine ni jambo jingine: lazima iwepo, na iliyopo inafaa karibu kila mahali isipokuwa kwenye majaribio. Hiyo ndiyo inayostahili chaguo-msingi, kwa sababu cha akiba kinafanya kazi halisi.

Ujumbe wa mkulima na viwango vya makato havina haki ya kuwa na cha akiba. Usivipe. Viombe moja kwa moja kwenye konstrakta, pale klasi inapoundwa, kwa kiolesura, si kwa klasi halisi. Klasi inayoviomba ikiwa imefungamanishwa, moduli ikikosekana Guice itakataa kuunda injekta, kiunganishi cha vitu vyote, na kukutajia kilichopungua.

Kwa wanaotumia Spring Boot, mfumo mwingine wa Java, @ConditionalOnMissingBean, inayoweka cha akiba pale kingine kisipokuwepo, ina mtego wake: inaangalia bini (vitu vinavyosimamiwa na Spring) zilizokwisha kusajiliwa hadi wakati huo tu, kwa hiyo mpangilio una nguvu. Iweke kwenye klasi za usanidi otomatiki, kama waundaji wake wanavyosisitiza.

Kitumaji changu cha logi sasa kinakaa kwenye moduli ya majaribio peke yake. Msimu uliofuata, kompyuta mpya ililetwa na moduli ikasahaulika tena. Programu iligoma kuwaka asubuhi, kabla gunia la kwanza halijapanda mzani.