Muulize Fundi: Saka, utambi au bloa, ninunue kipi kwanza?

SWALI: Shikamoo ami fundi. Mie kijana wa Wete, nimemaliza skuli na sasa najifunza ufundi wa redio na TV kwa mjomba wangu. Nna saka (ile pampu ya mkono ya kunyonya risasi ya kuchomea) moja ya plastiki ya bluu, kila nikivuta ili kutoa kifaa kwenye bodi, risasi inabaki nusu ndani ya tundu, nikilazimisha ile njia ya shaba inanyanyuka na bodi ndo basi tena. Juzi nimeharibu bodi ya pawa saplai ya TV ya jirani, mpaka leo nampita kwa mbali. Rafiki yangu yupo Mwanakwerekwe ananambia nunua bloa ya hewa moto utapumzika, mwengine anasema utambi, ule wavu wa shaba wa kunyonya risasi, ndo mwisho wa matatizo. Pesa niliyonayo ni ya kitu kimoja tu. Ninunue kipi?

JAWABU: Marahaba mwanangu. Kwanza kamwone huyo jirani, yeye bodi yake anaijua.

Sasa tuje kwenye pesa yako. Mie nakwambia usinunue hata kimoja katika hivo vitatu mpaka uniambie pasi yako ya kuchomea ikoje, maana ulivoeleza hapo mie sioni kosa la saka, naona moto mdogo. Wengi mnaanza na ile pasi ya wati 30 yenye ncha kama sindano, halafu unataka iyayushe mguu wa kapasita uliounganishwa na pande kubwa la shaba, wapi! Ile shaba inakula joto lote, we unakaa pale sekunde kumi na tano, ishirini, risasi ya juu imeyayuka ya chini bado ngumu, saka inavuta ile ya juu tu. Na gundi inayoshika njia ya shaba kwenye bodi haipendi kupikwa muda mrefu, ikishalegea ukitikisa mguu kidogo tu njia inakuja nao. Kwa hiyo ukiniuliza mie, pesa ya kwanza iende kwenye pasi ya wati 60 yenye kupanga joto, na ncha bapa, sio sindano. Weka kwenye nyuzi 350 hivi, gusa, sekunde tatu nne, toa.

Halafu kuna jambo mjomba pengine hakukwambia kwa sababu yeye kajifunzia redio za zamani. Risasi za siku hizi (sisi tunaita risasi hata ile isokuwa na risasi ndani) sio zile. Ulaya walipiga marufuku risasi kwenye vifaa vingi vya umeme tangu Julai 2006, na viwanda vingi vya dunia vikafata, sasa bodi nyingi zina bati na fedha kidogo na shaba kidogo, hiyo inaanza kuyayuka nyuzi 217 hivi, wakati ile ya kizamani, bati 63 kwa risasi 37, inayayuka 183. Kwa hiyo kabla ya kutoa, ongeza. Najua inachekesha, mtu anataka kutoa we unamwambia tia, lakini tia risasi mpya ya kizamani pale kwenye mguu, iyayuke ichanganyike na ile ngumu, hapo ndo uvute. Yote inatoka mara moja, tundu linabaki safi unaona upande wa pili. Mie nilikaa miaka bila kujua hili, nikawa nalaumu saka, nimetupa kama nne hivi, na zote zilikuwa nzima.

Na hiyo ya bluu yako usiitupe. Ifungue, toa vile vipande vya risasi vilivoganda ndani, paka grisi ya silikoni kidogo sana kwenye ile pete ya mpira, tazama spring kama bado ina nguvu. Ncha ikiwa imeungua imekuwa na mdomo mpana, ikate kidogo kwa kisu iwe sawa. Ukivuta usiondoe pasi kwanza, hilo ndo kosa la kila mwanafunzi: anaondoa pasi, analeta saka, kumbe risasi imeshaganda. Pasi upande mmoja, saka imegusa upande wa pili, vyote pamoja, bonyeza. Kuna saka ya Kijapani, Engineer SS-02, yenye kimpira cha silikoni mdomoni, hicho unakikandamiza juu ya pasi yenyewe na haiungui, hewa haivuji. Ni ghali kuliko hizi za plastiki lakini ukija kupata pesa nyengine hiyo nakusifia.

Utambi una kazi yake, ni kusafisha pahala bapa, pale ambapo chipu imeshatoka na unataka pedi (vile vipande vya shaba ilipokaa miguu yake) zibaki sawasawa. Kwenye tundu refu lililojaa unakuchosha bure. Na ukitaka kujaribu kabla ya kununua, chukua waya wa antena ya TV uliotupwa, vua ganda, ule wavu uliosukwa wa ndani ndo utambi wenyewe, paka flaksi (dawa ya kuifanya risasi ishike) na kazi inaanza. Lakini angalia uwe wa shaba kweli, waya nyingi za siku hizi wavu wake aluminiamu na hiyo risasi haishiki hata ukae mpaka Alfajiri.

Bloa rafiki yako hajakosea, kakosea mtu tu. Yeye pengine anatengeneza simu, chipu ya miguu arubaini huwezi kuitoa mguu mmoja mmoja. Wewe na kapasita za pawa saplai, bloa itakuyayushia soketi za plastiki kabla ya risasi. Zile za namba 858D zinakula wati kama 700, na siku umeme ukiwa mdogo joto lake utalijua mwenyewe. Isubiri.

Jengine khasa kwa sisi watu wa pwani: bodi zetu zinaliwa na chumvi. Ukiona risasi imekuwa kijivu kama majivu au kuna ukijani, usiweke pasi moja kwa moja, piga brashi na spiriti kwanza, kausha, tia flaksi, ndo uchome. Flaksi iwe ile ya bodi. Usije ukaazima ile tindikali ya mafundi bati wanayochomea ndoo na koroboi, inashika vizuri sana siku hiyo, baada ya mwezi njia zote zimeliwa.

Na kwa Mungu, kapasita kubwa ya TV hata ukichomoa plagi inaweza kubaki na volti 320 hivi. Imalize kwa rizista kubwa, sio kwa bisibisi, pima kwa mita, ndo uguse. Mikono uoshe kwa sabuni kabla hujagusa hiyo halua yenu ya Wete.

SWALI: Fundi, utambi wangu nimenunua Darajani mwezi uliopita ulikuwa unang'aa, sasa mweusi na haunyonyi kitu. Nimeuziwa feki? (Msomaji, Jang'ombe)

JAWABU: Inawezekana, lakini mie nadhani umeuacha wazi juu ya meza, hewa yetu hii ya bahari shaba haina urafiki nayo. Kata kile kipande cheusi, kilobaki upake flaksi ujaribu. Kikinyonya, utie kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana na usiushikeshike kwa mikono ya jasho.

SWALI: Ile bastola ya umeme inayochoma na kunyonya pamoja, ina maana kwa fundi wa mtaani? (Msomaji, Chake Chake)

JAWABU: Nimeshika Hakko FR-301 ya mtu, wallahi niliona uchungu kuirudisha. Unaweka, unabonyeza, mguu umebaki mtupu. Lakini ncha na chujio lake vinataka kusafishwa kila mara na bei yake unapata pasi nzuri, bloa na saka ya Kijapani na chenji ya nauli ya boti. Kama unatoa miguu mia kwa siku, nunua. Ukitoa kumi, mwachie mwenye nayo, umwazime siku ya haja.