Wasomaji Wauliza: Wasichana Watatu na Msako wa Mume Tajiri

SWALI: Ndugu Mhariri, wakati wa likizo tulitazama nyumbani filamu ya zamani ya Marekani iitwayo How to Marry a Millionaire. Binti yangu alicheka mpaka machozi yakamtoka, lakini mama mkwe wangu aliondoka sebuleni mapema, akisema kwamba sinema hiyo inawafundisha watoto wa kike kutamani mali za watu. Je, filamu hii inaisifu tamaa au inaikejeli? Na kwa nini inaanza kwa okestra kupiga muziki dakika nyingi kabla ya hadithi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kwanza mfikishie mama mkwe shikamoo yangu, kwa kuwa alichokiona kimo kweli ndani ya filamu, ingawa aliondoka kabla ya kuona kinavyoishia. Filamu hiyo ya mwaka 1953, iliyoongozwa na Jean Negulesco na kuandikwa na Nunnally Johnson, haifichi nia ya wahusika wake hata kidogo. Schatze (Lauren Bacall), Pola (Marilyn Monroe) na Loco (Betty Grable) ni wanamitindo wasio na akiba, nao wanapanga nyumba ya kifahari juu kabisa ya jengo moja la New York kwa hesabu kwamba matajiri hawapatikani vichochoroni. Mwenye nyumba, Freddie Denmark, yuko mafichoni kwa sababu anadaiwa kodi na serikali, na wasichana wanapoishiwa wanauza samani zake kidogo kidogo, piano ikiwamo, hadi sebule inabaki tupu. Kwangu mimi kejeli yote imo humo: watafuta utajiri wanajikimu kwa kuuza viti vya mtu ambaye naye hana kitu.

Baada ya hapo kila mpango unakwenda mrama. Loco anafuatana na tajiri mwenye mke hadi Maine, anaugua surua hukohuko, kisha anampenda kijana anayedhani ndiye mwenye misitu yote inayoonekana, kumbe ni mlinzi wa misitu tu. Pola haoni vizuri bila miwani, lakini haivai mbele ya wanaume kwa kuhofia kwamba hawatamtazama, na kwa hiyo anajigonga ukutani na kupanda ndege isiyo yake. Akiwa safarini amekishika kitabu juu chini, kando yake amekaa mwanamume mwenye miwani ambaye anamhimiza avae yake bila haya, na mwanamume huyo ni Freddie, mwenye nyumba yao. Wanaodhani kwamba Monroe alikuwa sura tu wakitazame tena kipande hicho, kwa maana anachekesha bila kumwonyesha mtazamaji hata mara moja kwamba anajua anachekesha.

Schatze, mwenye akili kuliko wenzake, ndiye anayekosea zaidi. Anamfukuza Tom Brookman kwa sababu hana tai, akimchukulia kuwa mjaza mafuta wa kituoni, huku akijiandaa kuolewa na J.D. Hanley, mgane tajiri wa Texas aliyemzidi umri sana. Siku yenyewe ya harusi anashindwa kuendelea na kumchagua Tom pamoja na umaskini wake. Mwishoni wote sita wanakula hambaga katika mkahawa wa kawaida, Tom anataja mali zake bila hata mmoja kumwamini, kisha anatoa burungutu la noti na kulipa kwa noti ya dola 1,000, na wake wote watatu wanazirai kwa mpigo.

Hapo ndipo ninapomwunga mkono mama mkwe, walau nusu. Filamu inamcheka anayekimbilia mali, kisha inampa mali hiyohiyo kama zawadi ya kuacha kuikimbilia, na tena inampa mmoja tu kati ya watatu, bila sababu yoyote zaidi ya bahati. Hata hivyo singependa tuwahukumu wasichana hao kama kwamba walikuwa na milango mingi ya kupitia. Katika Marekani ya miaka ile benki iliweza kumnyima mwanamke mkopo kwa sababu tu hana mume, na sheria ya kuzuia ubaguzi huo ilipitishwa mwaka 1974.

Ama kuhusu okestra, hayo yalikuwa matangazo ya biashara. Televisheni ilikuwa ikiwanyang'anya wenye kumbi watazamaji, na kampuni ya 20th Century-Fox ikajibu kwa CinemaScope, mfumo wa picha pana sana uliotokana na lenzi za Mfaransa Henri Chrétien. Kiongozi wa okestra Alfred Newman na wapigaji wake waliwekwa mwanzoni ili mtazamaji aone upana wa pazia la sinema na asikie sauti ikitoka pande mbalimbali. Upana huo ndio unaoleta mistari myeusi juu na chini ya picha katika runinga zetu, na si ubovu wa runinga.

SWALI: Katika filamu hiyo Bacall anawasifu wanaume wa makamo na kumtaja mzee mmoja wa filamu ya The African Queen. Mbona watu wanacheka hapo? (Msomaji, Kampala)

JIBU: Mzee huyo ni mwigizaji Humphrey Bogart, mume wa Bacall mwenyewe tangu mwaka 1945, aliyemzidi karibu miaka 25, na Schatze anajifanya hata jina lake halikumbuki. Mzaha huo unatuhusu kidogo, kwa kuwa The African Queen inasimulia mambo ya mwaka 1914 katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, na sehemu zake nyingi zilipigwa picha mwaka 1951 nchini Kongo na huko kwenu Uganda, ambako Bacall alifuatana na mumewe.