Jibu: Nataka kung'atuka usimamizi wa mradi, nianzie wapi?

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: umechoka kusimamia mradi wa chanzo huria (programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote) kwa kujitolea, ila unahofia mradi utakufa ukiondoka.

Kabla ya tangazo lolote, kagua funguo, yaani nani ana ruhusa za kuingia wapi. Nani mwingine anaweza kutoa toleo jipya kwenye npm au PyPI (hifadhi za mtandaoni ambako watu hupakua programu kama yako)? Domeini (anwani ya tovuti ya mradi) imesajiliwa kwa jina la nani? Nilipoachia ngazi mimi, msimbo haukunisumbua hata kidogo. Kilichokula muda ni domeini iliyofungwa kwenye barua pepe yangu binafsi.

Usimkabidhi mtu mradi kwa sababu tu ameomba kwa upole. Mwaka 2018 mwenye event-stream, kifurushi cha msimbo kwenye npm, alimwachia mtu asiyemfahamu, na kikapenyezwa kipande cha msimbo cha kuiba bitcoin. Mpe aliyezoea kukagua kazi za wenzake, kisha atoe toleo moja wewe ukiwa bado upo. Akikosekana, ifanye hazina ya msimbo (repository) iwe ya kusomwa tu na uandike wazi kwamba haitunzwi tena. Si aibu.

Tangazo liwe fupi: tarehe, nani anashika, maswali utajibu hadi lini. Sababu si lazima. Wala mrithi si lazima umteue wewe. Guido van Rossum, mwanzilishi wa lugha ya programu ya Python, aliacha uongozi wake Julai 2018 bila kutaja mrithi, jumuiya ikaunda baraza la watu 5 la kupigiwa kura.

Siku ikifika, jiondolee ruhusa zote mwenyewe. Ukibaki nazo watakuita tu (na utaitika).

Kwa sasa mko wangapi wenye ruhusa ya kuunganisha mabadiliko kwenye msimbo wa mradi?