Maswali ya Wasomaji: Je, Mungu Atanikataa kwa Sababu Sifungi?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Ninaishi Mwanga, Kigoma, na kazi yangu ni kuanika na kuuza dagaa pale Kibirizi. Tangu nilipougua nimeshindwa kufunga, kukesha na kutoa sadaka ya ahadi, na wenzangu wa kikundi cha maombi wanasema wokovu wangu umepungua. Nikifa katika hali hii, Mungu atanipokea?
Mama wa Kibirizi

JIBU: Amina, mama yangu, na pole sana kwa kuugua. Atakupokea, kwa sababu ya Kristo unayemwamini, wala si kwa sababu ya mifungo yako. Waefeso 2:8–9 inasema tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, mtu yeyote asije akajisifu.

Unawajua vibarua wanaoshusha dagaa mitumbwini: kila mmoja akishatua tenga lake hudai ujira, na mwenye mtumbwi akimlipa hajamfanyia hisani, amelipa deni. Ndivyo Paulo anavyosema katika Warumi 4 kuhusu ujira, lakini wokovu ni zawadi, si ujira; mfano wake ni Ibrahimu, na hapa naomba usome taratibu: Ibrahimu anahesabiwa haki kwa imani katika Mwanzo 15, ilhali agizo la tohara linakuja katika sura ya 17. Alikubaliwa kabla ya kutimiza tendo ambalo wengine walikuja kulifanya sharti la kukubaliwa. Naye mhalifu aliyesulubiwa kando ya Yesu, ambaye hakubakiwa na siku hata moja ya kufunga, aliahidiwa pepo siku hiyo hiyo.

Huenda wenzako watakusomea Yakobo 2, kwamba imani pasipo matendo imekufa. Ni kweli kabisa, kwani imani iliyo hai huzaa matendo, nayo huufuata wokovu, hayaununui. Lakini Yakobo anamkemea mtu anayemwona ndugu yake ana njaa akamuaga kwa maneno matupu. Hamkemei mgonjwa aliyeshindwa kukesha. Inaniuma mno kusikia kwamba mtu aliyestahili kutembelewa na kupikiwa uji anahesabiwa sadaka anazodaiwa.

Yakobo huyo huyo, katika 5:14, anamwagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee. Waite waje nyumbani wiki hii, na kama unatumia dawa, usifunge mpaka daktari akuruhusu.