Re: Kambi ya skauti likizo ya Agosti, ina faida ukubwani?

Dada, umeuliza kama kumpeleka kijana kambi ya skauti kutamsaidia akiwa mkubwa ama ni pesa tu zinapotea. Mimi nilienda kambi ya skauti ya Rowallan pale Nairobi nikiwa na miaka 11, usiku wa kwanza nililia nimejifunika blanketi nisisikike, lakini siku ya tatu mvua ikanyesha kuni zote zikalowa na zamu ya kupika ilikuwa yetu, kiongozi akatuonyesha kupasua kuni mpaka kule ndani kukavu, unachonga vipande vyembamba kama njiti za kiberiti, na uji ukaiva. Hiyo kitu haijawahi kunitoka, hadi leo kazini mambo yakikwama sipaniki, natafuta palipo pakavu naanzia hapo.

Halafu walitupeleka Nyeri kwenye kaburi la Baden-Powell, yule mwanzilishi wa skauti, alifariki 1941, lina alama ya duara na nukta katikati, kwa skauti maana yake nimeenda nyumbani. Tulipomzika babangu niliichora hiyo alama kwa kidole pale kwenye udongo.

Mpeleke tu dada, na mwache afunge begi lake mwenyewe, ila hakikisha kuna sweta nzito, usiku wa Agosti Nairobi ni baridi kweli.