Deni la rafiki aliyefariki

*Shangazi, shikamoo. Miaka sita iliyopita rafiki yangu alinikopesha fedha bila maandishi. Aliponidai nikamkana mbele ya watu. Mwaka jana akafariki, hatujapatana. Mimi ni Mwislamu, mama yangu ni Mkristo. Mama anasema Mungu ana huruma, nisahau. Baba mdogo anasema haki ya mja haisamehewi, nimekwisha. Nikisikia kiyama moyo unadunda, na swala nimeiacha kwa aibu. Nani mkweli? – Mdaiwa*

Marahaba, mwanangu. Kila mmoja amekusomea nusu ya kitabu chake akakifunga.

Baba mdogo hakudanganya. Wanazuoni huhesabu masharti matatu ya toba: kuacha dhambi, kuijutia na kuazimia kutoirudia. Dhambi ikigusa haki ya mtu, linaongezeka la nne: kumrudishia haki yake. Katika mkusanyo wa hadithi wa Bukhari, Mtume (s.a.w.) anamwagiza aliyemdhulumu nduguye ajitoe katika dhuluma hiyo leo, kabla ya siku isiyokuwa na dinari wala dirhamu, ambapo malipo yatatolewa katika mema yake. Leo, amesema. Maneno hayo anaambiwa mtu aliye hai ambaye bado ana fedha za kulipa, yaani wewe. Hilo "nimekwisha" ni la baba mdogo mwenyewe. Sura Az-Zumar, aya ya 53, inawaambia waliojidhulumu nafsi zao wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu.

Mama naye amruke Zakeo? Katika Luka 19, mtoza ushuru huyo anasimama mbele ya Yesu na kuahidi maskini nusu ya mali yake, kisha kila aliyemnyang'anya amrudishie mara nne. Ndipo anaambiwa wokovu umefika nyumbani mwake. Sadaka kwa maskini haikuchukua nafasi ya malipo ya waliodhulumiwa. Alizitaja zote mbili. Hapa ndipo wengi hukosea: wanatoa sadaka nono, wanajisikia wepesi, na mwenye haki bado hajapata kitu.

Sasa niulize: hiyo hukumu unayoiogopa ni ya nani? Kwanza ni ya rafiki yako. Alikanwa hadharani, hana karatasi wala shahidi, na sasa yuko kaburini. Katika Al-Anbiyaa, aya ya 47, Mungu anaahidi mizani ya haki ambayo hata uzito wa chembe ya hardali utaletwa. Kwa aliyedhulumiwa, hiyo ni habari njema. Ndiyo maana Zaburi ya 96 inataja miti ya msituni ikiimba kwa furaha kwa kuwa Bwana anakuja kuihukumu nchi. Na wale waamuzi wa Biblia, akina Debora na Gideoni, kazi yao kubwa ilikuwa kuwaokoa watu na wanaowaonea. Ukiifuta hukumu ili upone wewe, umemfuta na rafiki yako.

Dini hizi mbili hazikubaliani kuhusu nani anahukumu. Yohana 5:22 inasema Baba amempa Mwana hukumu yote. Kwa Waislamu siku hiyo ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Sitazichanganya. Ila zote zinakataa kwamba hakimu huyo ni mgeni asiyekujua. Zaburi ya 103 inasema anakumbuka kwamba sisi ni mavumbi. Katika Al-Fatiha, "Arrahmanir-rahim" inatangulia, ndipo ifuate "Maliki yaumid-din". Ukihesabu rakaa za faradhi ni 17 kwa siku: mara 17 unaambiwa Mwingi wa rehema kabla hujaambiwa Mwenye siku ya malipo. Wewe umeacha swala, kwa hiyo umebaki na nusu ya pili tu, tena ukiisikia kwa sauti ya baba mdogo. Rudi swala inayofuata. Usingoje deni liishe kwanza.

Fedha sasa. Aliyekufa hulipwa kupitia warithi wake. Deni lako ni sehemu ya mirathi. Usimpe mmoja wao kimyakimya, maana wengine nao wana fungu. Mpe anayesimamia mirathi, kiasi chote kilekile. Ukiona haya kupita kiasi, mtume mtu mwaminifu. Cha lazima ni haki ifike. Warithi wasipopatikana baada ya kuwatafuta kwa dhati, itolee sadaka kwa niaba ya marehemu, ukiwa tayari kulipa upya wakitokea. (Mwonyeshe mama Hesabu 5:7-8: mkosaji alipe na kuongeza sehemu ya tano, na kama hakuna ndugu wa kupokea, malipo yaende kwa Bwana.) Kama huna zote, andika leo jina, kiasi na ratiba, na uiweke kwenye wasia. Deni hutolewa kabla ya urithi kugawanywa, kwa hiyo watoto wako watajua.

Ukifa kabla hujamaliza? Wakusanyaji wa hadithi, Bukhari na Muslim, wanasimulia habari za muuaji wa watu mia, waliokuwa wameshakufa wote, aliyefia njiani akielekea mji wa watu wema. Malaika walimgombania, ukapimwa umbali, akakutwa karibu zaidi na huko alikokuwa akienda, kwa shibiri moja. Rehema ikamchukua.

Kwa warithi usianze na kilio. Sema: "Marehemu alinidai kiasi hiki. Nilimkana, naye alikuwa mkweli." Jina lake lisafishwe mbele ya walewale waliosikia ukimkana, kama bado wapo. Weka fedha mezani kwanza, ndipo uombe radhi. Ukiomba kabla, wataona unaomba punguzo. Wasiposamehe siku hiyo, usiwashurutishe. Na safari hii muandikishiane, mashahidi wawili wakiwapo.